KUURUDISHA MOYO SAA YA TAABU

Bismillahi Rrahmani Rrahim

SOMO LA IJUMAA: kwa wanaume, wanawake na vijana



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Somo letu la leo ni juu ya siku ngumu, na hatuna haja ya kwenda mbali kuzitafuta. Katika mashariki ya nchi yetu, watu hawajasahau 1996 wala 1998. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitoa moto ukachoma nyumba za watu. Januari 2025 vita viliingia Goma, na Februari vikaingia Bukavu. Nyumba nyingi zina mtu aliyezikwa, au aliyepotea bila habari, au aliyekimbia na mtoto mgongoni. Na hata pale ambapo risasi hazikufika, kuna deni, kuna minervali ya watoto, kuna mgonjwa asiye na pesa za dawa, kuna ndoa iliyovunjika. Kwa hiyo wengi wetu tunasimama kwenye safu, bega kwa bega na wenzetu, lakini moyo hauko pale.

Wengine wameacha hata kuja. Mtu mmoja aliwaambia: "Ukiwa na huzuni nyingi namna hiyo, imani yako ni ndogo." Wakabeba mizigo miwili: ule wa msiba, na ule wa aibu juu ya msiba.

Ndugu msomaji, ukiwa mmoja wao, somo hili limeandikwa kwa ajili yako. Tutajifunza mambo matatu: kwamba huzuni si dhambi, kwamba moyo uliojaa taabu una njia zake za kukimbia, na kwamba Mwenyezi Mungu ametupa namna ya kuurudisha, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

1. HUZUNI SI UPUNGUFU WA IMANI

Fungua Sura Yusuf, sura ya 12, usome aya ya 84 hadi 87. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf miaka mingi mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Huyu ni Nabii, mwana wa Nabii, mjukuu wa Nabii Ibrahim (a.s.). Nani kati yetu atasema imani yake ilikuwa ndogo? Watoto wake walimlaumu kama watu wanavyokulaumu wewe. Jibu lake lilikuwa kwamba mashitaka ya huzuni yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kisha, katika aya inayofuata, anawatuma watoto waende kumtafuta Yusuf na ndugu yake, na anawakataza kukata tamaa. Ona vizuri: machozi hayakumzuia kufanya jambo lililokuwa mbele yake, na kufanya jambo hilo hakukumlazimisha kukausha machozi kwanza.

Mtume wetu (s.a.w.) naye alikuwa na mwaka ambao wanahistoria wanauita Mwaka wa Huzuni, karibu 619, alipofiwa na mkewe Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib. Na mwaka wa 10 wa Hijra, mwanawe Ibrahim alipokata roho akiwa bado mtoto mdogo, Mtume alilia mbele ya watu. Sahaba Abdurrahman bin Awf (r.a.) akastaajabu: hata wewe, Mtume? Akaelezwa kwamba machozi yale ni huruma.

Basi usimwambie mfiwa anyamaze. Usimwambie mama aliyepoteza mtoto kwamba kulia ni kumkataa Mungu. Kilichokatazwa ni kurarua nguo, kujipiga, na kumsema Mwenyezi Mungu vibaya. Machozi hayakukatazwa.

2. MOYO HUKIMBILIA NJIA MBILI

Katika dua ambazo Mtume (s.a.w.) alizizoea, mna dua ya kuomba kinga kutokana na vitu viwili vinavyotajwa pamoja: hamm na huzn. Wanavyuoni wamefafanua tofauti yake. Huzn ni uchungu wa jambo lililokwisha kupita. Hamm ni mahangaiko ya jambo ambalo bado kuja. Moyo wenye taabu unakimbia kati ya njia hizo mbili kama mtu anayetafuta mtoto wake katika kundi la wakimbizi: anakwenda nyuma, anarudi mbele, hatulii mahali.

Mtazame mama anayeuza makala sokoni. Mikono yake inapima makala, lakini moyo uko kwenye nyumba iliyoungua. Mnunuzi anauliza bei mara mbili, hasikii. Mtazame baba wa watoto sita usiku. Mwili umelala kitandani, moyo uko kesho kwa mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu. Mtazame kijana wa pikipiki: yuko barabarani na abiria nyuma yake, lakini bado anagombana moyoni na mtu aliyemtukana asubuhi. Kila mmoja wao ameiacha saa aliyo nayo. Jana imefungwa, hatuwezi kuirekebisha hata kidogo. Kesho iko mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Saa pekee tuliyopewa kufanya kazi, kuomba, kutubu na kumpenda mtoto ni hii, na hii ndiyo tunayoiacha tupu.

Hapa mtu anaweza kuuliza: "Je, nisipange ya kesho? Nisimkumbuke marehemu wangu?" Hapana, hatusemi hivyo. Kupanga ni wajibu wa mwenye jamaa. Lakini kupanga kuna mwisho: unakaa, unahesabu, unaamua ni nani utamwona na utamwambia nini, halafu unasimama. Wasiwasi hauna mwisho. Ni kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi ndani: ina kelele, inakula mafuta, na hakuna unga unaotoka. Vilevile, kumkumbuka marehemu na kumwombea ni ibada. Kurudia kila usiku "kama ningalitoka mapema, kama ningalipita njia ile nyingine" ni mashine ileile.

3. MAFUNZO YA BIBI MARYAM CHINI YA MTENDE

Ndugu zangu, sehemu hii isomeni polepole. Iko katika Sura Maryam, sura ya 19, aya ya 23 hadi 26.

Bibi Maryam yuko peke yake, mbali na watu wake. Uchungu wa uzazi umempeleka kwenye shina la mtende. Nyuma yake kuna upweke, mbele yake kuna maneno ya watu watakaomshitaki kwa uovu asioufanya. Taabu ikamfikisha mahali pa kutamani kwamba angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa. Haya yamo katika Qur'an Tukufu, juu ya mwanamke aliyetakaswa kuliko wanawake wote. Kwa hiyo, dada yangu, ikiwa siku moja umesema moyoni "heri nisingezaliwa," usidhani kwamba Mwenyezi Mungu amekutupa. Bibi Maryam alipita pale, na Mwenyezi Mungu hakumtupa.

Sasa angalia alijibiwaje. Hakukemewa. Hakuambiwa imani yake ni ndogo. Hakuelezwa kwanza mambo yote yatakayotokea miaka inayokuja. Sauti ilimwambia asihuzunike, kisha ikamwonyesha vitu vilivyokuwa pale pale alipo. Chini yake kuna kijito cha maji: akitazame. Karibu naye kuna shina la mtende: alishike, alitikise. Tende mbivu zitaanguka: ale. Maji yapo: anywe. Macho yake yatulie. Na juu ya wale watu watakaomsema, alipewa jambo moja tu la kufanya wakati atakapowaona, nalo ni kunyamaza siku ile.

Katika saa mbaya kuliko zote, moyo wake ulirudishwa kwa njia ya macho, mikono, kinywa na tumbo. Maumivu ya uzazi hayakuondolewa, mtoto alizaliwa kwa uchungu kama watoto wote. Lakini alipewa mahali pa kusimama katikati ya maumivu. Na tena, mwanamke aliye katika uchungu ana nguvu gani ya kuangusha tende kutoka juu? Shina la mtende hata mwanaume mwenye nguvu halitikisi. Alitakiwa tu kunyoosha mkono. Sehemu yake ilikuwa ndogo, na sehemu kubwa ilikuwa ya Mola wake. Ndivyo ilivyo kwetu pia: tunanyoosha mkono kwenye kitu kilicho karibu.

4. SWALA NI SHULE YA KURUDI

Mwislamu amepewa swala tano ili mara tano kwa siku moyo uitwe nyumbani. Lakini sisi tunaswali kama kuku anayedonoa mahindi, halafu tunashangaa kwa nini hatupati utulivu.

Mnakumbuka hadithi ya mtu aliyeingia msikitini, akaswali haraka haraka, akaja kumsalimu Mtume (s.a.w.). Mtume alimrudisha akaswali tena, mara tatu. Mwisho yule mtu akaomba afundishwe. Alichofundishwa zaidi ya yote ni kutulia: arukuu mpaka atulie katika rukuu, ainuke mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie katika sijda. Utulivu huo unaitwa tuma'nina, nao unaanza na mwili. Mgongo ukitulia, pumzi inatulia. Pumzi ikitulia, moyo unapata njia ya kurudi.

"Lakini mawazo yanakuja hata nikiwa kwenye sijda!" Ndiyo, yatakuja. Sahaba Uthman bin Abi al-As (r.a.) alilalamika jambo hilo hilo mbele ya Mtume (s.a.w.): Shetani anaingia kati yake na swala yake. Hakufukuzwa msikitini. Aliambiwa jina la shetani huyo, Khanzab, akafundishwa kuomba kinga kwa Mwenyezi Mungu na kutema mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, kisha aendelee. Yeye mwenyewe ameshuhudia kwamba alifanya hivyo na jambo lile likamwondokea. Tena Mtume (s.a.w.) ametupa habari njema kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale yanayopita moyoni maadamu mtu hajayasema wala kuyatenda. Wazo baya lililopita si dhambi yako. Liache lipite kama gari linavyopita mbele ya nyumba yako, wewe usipande.

Imam Ghazali (aliyefariki 1111), katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, ameanza maana za ndani za swala kwa hudhur al-qalb, yaani moyo kuwepo. Naye alijua anachokisema. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, na wanafunzi wengi mbele yake, mara ulimi wake ukafungwa asiweze kufundisha. Chakula hakikupita kooni. Madaktari walimwambia ugonjwa umetoka moyoni ukaenea mwilini, na hakuna dawa mpaka mahangaiko ya ndani yapungue. Ikiwa Imam Ghazali alipatwa, sisi ni nani tuone aibu?

5. WALIVYOSEMA MADAKTARI, WA KALE NA WA LEO

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita alikuwepo mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh, mji ulio leo katika Afghanistan. Alifariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuzitibu. Aliona kwamba kuna huzuni yenye sababu inayojulikana, na kuna huzuni inayomkamata mtu bila yeye kujua sababu, ambayo huenda inatoka mwilini. Na alitoa shauri hili: kama vile mtu mwenye akili anaweka dawa nyumbani kabla hajaugua, vivyo hivyo aweke moyoni mawazo mema wakati wa utulivu, apate kuyatumia siku ya taabu. Shauri hili tulishike, tutalirudia.

Katika wakati wetu, madaktari wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakifundisha wagonjwa zoezi ambalo kwa Kifaransa linaitwa pleine conscience, yaani kuuweka moyo katika saa uliyo nayo, kwa upole, bila kujihukumu. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kulifundisha katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, kwa watu wenye maumivu ambayo dawa zilishindwa kuyamaliza. Yeye alilichukua katika mafundisho ya Kibudha, akaacha nje ibada zao. Kwa hiyo ndugu wengine wanauliza: ni halali kwetu? Tunajibu hivi: kuhisi pumzi yako, kukanyaga ardhi na kutambua unachokiwaza si ibada ya mtu yeyote. Ni vipawa alivyopewa kila mwanadamu. Ibada ni ile unayoikusudia na unayemwelekea. Sisi hatuketi tukiwa peke yetu na pumzi zetu. Tunaketi tukijua kwamba Mwenyezi Mungu anatuona, na hiyo ndiyo muraqaba ambayo wazee wetu waliifundisha.

Tuna mfano wa karibu pia. Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, karibu wanawake 700 waliokimbia vita vya Sudani Kusini walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Sehemu yao walikusanyika kwa vikundi mara moja kwa juma, majuma matano, wakisikiliza masomo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, yaliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani (OMS). Walifundishwa kutambua mawazo mazito, kukanyaga ardhi, kupumua polepole, kurudisha akili mahali walipo, na kutenda jambo dogo lenye maana kwao. Miezi mitatu baadaye, hali yao ilikuwa afadhali kuliko ya wale ambao hawakupata masomo hayo. Hawakurudishiwa nyumba zao wala marehemu wao. Lakini mzigo ulibebeka zaidi kidogo, na anayebeba mzigo mzito anajua thamani ya hiyo "kidogo".

6. NAMNA YA KUFANYA

Ndugu msomaji, sasa weka karatasi chini kila baada ya hatua moja, ujaribu.

(a) Kanyaga ardhi. Ukiwa umesimama au umeketi, weka nyayo zote mbili chini. Kandamiza kidogo. Sikia jinsi udongo unavyokubeba. Ardhi hii ni ya Mwenyezi Mungu, nawe uko juu yake, hapa, si kule wala si wakati ule.

(b) Taja kilichokujia. Sema kimoyomoyo: "Hii ni hofu." "Hii ni huzuni ya mtoto wangu." "Hii ni hasira." Usipigane nayo, usiikimbilie. Itaje tu, kama unavyomtambua mtu aliyebisha hodi.

(c) Toa pumzi polepole. Vuta pumzi kwa kawaida, kisha itoe pole pole kuliko ulivyoivuta. Mapigo ya moyo hupungua kidogo mtu anapotoa pumzi taratibu, hivyo ndivyo Muumba alivyotuumba. Kila unapotoa, sema moyoni: Ya Allah. Fanya mara tano au zaidi.

(d) Tazama na usikie. Tafuta vitu vitatu unavyoviona: sufuria, mlango, jani la mgomba. Sauti mbili unazozisikia. Kitu kimoja unachokigusa. Hiki ndicho kijito chako na mtende wako.

(e) Fanya kazi moja iliyo mbele yako. Moja tu: osha sahani, fagia, mjibu mtoto, nenda ukachote maji. Uifanye ukiwa ndani yake.

Na moyo utakimbia tena. Labda kabla hujafika hatua ya tatu. Basi urudishe tena, bila kujitukana, kama mama anavyomrudisha mtoto anayejifunza kutembea. Mtu aliyerudisha moyo wake mara ishirini hakushindwa mara ishirini. Amefanya zoezi mara ishirini. Kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Tumia pia vile ulivyo navyo tayari katika dini:

- Udhu. Usiufanye kwa haraka. Sikia maji yakipita kwenye vidole, usoni, miguuni. Mtu mwenye hasira amefundishwa na Mtume (s.a.w.) kutawadha, na akiwa amesimama akae, na akiwa bado ana hasira alale ubavu. Ona tena jinsi moyo unavyotulizwa kwa kupitia mwili.

- Tasbihi za kulala. Bibi Fatima (r.a.) alikuwa na mikono iliyoumia kwa jiwe la kusagia, akaenda kuomba mtumishi. Mtume (s.a.w.) alimfundisha yeye na mumewe Ali (r.a.) waseme wakati wa kulala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34. Hesabu kwa vidole vyako, kimoja kimoja. Ukipotea katika hesabu, rudi tu. (Na ninyi waume: Ali naye alifundishwa pale pale. Hadithi hii si ruhusa ya kumwachia mke kazi zote.)

- Dada aliye katika siku zake haswali, lakini mlango wa dhikri, dua na mazoezi haya uko wazi kwake.

Anza na dakika tano baada ya Alfajiri, na dakika tano kabla ya kulala. Na kumbuka shauri la Balkhi: usingoje siku mbaya. Anza leo, siku ambayo ni ya kawaida. Anayejifunza kuogelea siku mtumbwi unapozama amechelewa.

7. TAHADHARI

Kwanza: kuna watu walioona mambo ya kutisha, ambao wakifunga macho na kupumua, picha zile zinarudi kwa nguvu zaidi. Ukiwa mmoja wao, usifunge macho. Acha pumzi, baki na nyayo na macho: tazama, taja, gusa. Likizidi, acha, simama, ukae na mtu unayemwamini.

Pili: zoezi hili si badala ya haki wala ya msaada. Asije mtu mwenye chakula akamwambia mwenye njaa "vuta pumzi." Mpe chakula kwanza. Mtende wa Bibi Maryam ulikuwa na tende.

Tatu: kuna taabu inayohitaji daktari. Ikiwa mtu halali siku nyingi, hali, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anasema anataka kujiua, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni karibu naye dawa, kamba na visu, mkae naye, mmpeleke kwenye kituo cha afya. Bukavu kuna hospitali ya SOSAME, na Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, vyote vya Frères de la Charité, kwa wagonjwa wa akili na wa moyo uliolemewa. Kwamba wao ni Wakatoliki si kizuizi, daktari ni daktari. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu. Kumfunga mgonjwa kamba, kumpiga, au kumwita mwenye mashetani mbele ya watu si dawa, ni dhuluma.

8. MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KWENYE VIKUNDI

1. Moyo wako ukiwa na taabu, hukimbilia zaidi jana au kesho? Unajuaje?
2. Bibi Maryam alionyeshwa nini chini ya mtende? Kwako wewe, katika nyumba yako, kijito na mtende ni nini?
3. Nabii Yaqub (a.s.) alilia, na pia aliwatuma watoto wake. Jambo gani dogo unaweza kulifanya juma hili hata kama huzuni haijaondoka?
4. Katika mtaa wetu, nani hajaonekana msikitini muda mrefu? Nani atakwenda kumwona kabla ya Ijumaa ijayo, si kumhoji, bali kukaa naye?

DUA

Ewe Mola wetu, Wewe unajua tulichokipoteza na tunachokiogopa. Mioyo yetu inakimbia, nasi hatuna nguvu ya kuishika: ifunge kama ulivyoufunga moyo wa mama yake Musa siku alipomtia mtoto wake mtoni. Utuonyeshe maji yaliyo karibu nasi. Wahurumie marehemu wetu, warudishe waliopotea, walinde walio njiani usiku huu. Utupe amani katika nyumba zetu na katika nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe chini wala usifungie vitu vya sokoni. Ukimaliza kusoma, mpe jirani, na umsomee asiyejua kusoma.)